Faili liende wapi? Njia nne za kupata maoni ya bingwa wa nje ukiwa Mwanza

Steshenari yangu iko chini ya kilima cha Bugando, hapo watu wanaposhuka daladala wakiwa wameshika zile bahasha kubwa za kaki. Nilipofungua nilitegemea kuishi kwa barua za maombi ya kazi na kopi za vitambulisho. Kumbe riziki ilikuwa kwenye bahasha. Mtu anaingia, anaiweka mezani taratibu kama anaweka mayai, anasema, "Kaka, nimeambiwa nitume India." Mwingine Nairobi. Mwingine ana mpwa Marekani, na mpwa kasema, wewe tuma tu mjomba, nitawaonyesha wakubwa wa huku.

Udaktari sina. Ninachokijua ni safari za hizo karatasi: zipi zilirudi na jibu la maana, zipi zilirudi na ankara, zipi hazikurudi kabisa. Na la kwetu nimewahi kulituma, faili la baba mdogo, nitalisimulia mbele. Njia ninazoziona zikipita kaunta kwangu ni nne: daktari wako kumuuliza mwenzake wa nje, hospitali za India, hospitali kubwa za Nairobi, na huduma za kulipia za Marekani.

Kabla ya zote, kuna wanaoruka Dar es Salaam kana kwamba haipo. Kwa moyo kuna Taasisi ya Jakaya Kikwete, kwa mifupa na ubongo kuna MOI, taasisi iliyopo Muhimbili, kwa saratani kuna Ocean Road. Bugando yenyewe ni hospitali ya rufaa ya kanda, na ina huduma ya saratani yenye mionzi. Maoni ya pili yanaweza kuwa ghorofa mbili juu ya pale ulipopewa ya kwanza. Ukishapita huko na bado moyo haujatulia, endelea kusoma.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo yaleyale. *Mlango*: nani anaruhusiwa kuuliza, mgonjwa au daktari wake. *Faili*: wanataka vitu gani na kwa umbo gani. *Fedha*, pamoja na swali ambalo watu hawaliulizi: kama ni bure, nani analipa? *Muda*. *Lugha*, kwa maana bibi wa Magu anaumwa kwa Kisukuma, haumwi kwa Kiingereza. Cha mwisho nakiita *jibu likirudi*: nani hapa Mwanza atalishika na kulifanyia kazi. Hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote. Nimeona barua nzuri sana kutoka nje zikikunjwa na kurudishwa kwenye bahasha kwa sababu hakukuwa na daktari wa kuzipokea.

Faili lenyewe, njia yoyote utakayochagua

Hapa nitakaa kidogo, maana maoni mengi mabovu niliyoyaona yalianzia kwenye faili bovu.

Mzee mmoja kutoka kisiwa cha Kome alipiga picha eksirei yake mwenyewe kwa simu. Aliiegemeza dirishani ipate mwanga wa jua, akapiga. Nondo za dirisha zikatokea katikati ya kifua. Jibu lililorudi liliomba picha nyingine "isiyo na mistari". Tulicheka wote wawili, yeye zaidi, lakini siku tatu zilikuwa zimeshapotea.

Siku hizi vipimo vingi vya picha ni vya kidijitali. Usiridhike na ile karatasi ya plastiki yenye vipicha kumi na mbili. Omba mafaili yenyewe, kwenye CD au flashi. CT-Scan moja ina picha mamia, na bingwa anataka kuzipitia moja baada ya nyingine, aongeze mwanga, apunguze, arudi nyuma. Mafaili hayo huitwa DICOM, na kifurushi kimoja kinaweza kuanzia megabaiti mia kadhaa hadi kuvuka gigabaiti moja, kwa hiyo bando la siku halitoshi. Na tafadhali usimwache kijana apige picha skrini ya kompyuta halafu atume WhatsApp. WhatsApp hubana picha, na kile kidoa kidogo unachokitafuta ndicho cha kwanza kupotea. Eko ya moyo, kile kipimo kinachoonyesha moyo ukidunda, nayo itume kama video. Moyo uliosimama hausemi kitu.

Kwa saratani kuna jambo kubwa zaidi. Kinyama ulichokatwa hakijatupwa. Maabara hukihifadhi ndani ya kitalu cha nta, na kutoka humo hukata vipande vyembamba vinavyopakwa rangi na kuwekwa kwenye vioo. Ukituma ripoti tu, bingwa wa nje anatoa maoni juu ya maneno ya mwenzake. Akiona vioo au picha zake za darubini, anatoa maoni juu ya ugonjwa. Kwa saratani ya matiti, kwa mfano, matibabu hutegemea kama chembe za saratani zina vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2, na hilo hupimwa kwenye kipande kilekile. Uliza maabara utaratibu wa kuazima vioo au kukatiwa vingine, na kitalu chenyewe usikitoe chote kiende ng'ambo bila kubakiza kitu.

Mwisho, ukurasa mmoja wa maelezo. Umri, dalili zilianza lini, dawa na vipimo vyake, magonjwa mengine, halafu vitu viwili ambavyo karibu kila mtu husahau: kazi yake na anapoishi. Hapa ziwani hilo si pambo. Alikuja ndugu wa mvuvi mmoja wa Ukerewe aliyekuwa na wengu kubwa na aliyewahi kutapika damu. Jibu la kutoka nje lilijaa maswali ya pombe na homa ya ini. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba tangu utoto yumo majini. Minyoo ya kichocho cha tumbo hutaga mayai yanayonasa kwenye ini, makovu yanazunguka mshipa mkubwa unaoingiza damu humo, shinikizo linapanda, wengu linavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa hadi inapasuka. Vipimo vya damu vya ini vinaweza kuonekana karibu vya kawaida huku hayo yote yakiendelea. Mabingwa wa kanda hii wanayaona kila mara. Wa mbali anaweza kuwa aliyasoma chuoni mara moja. Mwandikie "mvuvi, Ziwa Victoria", naye atafika mwenyewe. Vivyo hivyo kwa selimundu, ambayo kanda yetu inayo kwa wingi.

Chini ya ukurasa huo weka swali moja. Siyo "naomba msaada wenu", bali "je, upasuaji unahitajika sasa au unaweza kusubiri?" Swali lisilo na uamuzi ndani yake hujibiwa kwa heshima na kusahauliwa.

Na jambo la usiri. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Ukiskani popote, simama hapo hadi mafaili yafutwe kwenye kompyuta, na WhatsApp yako itolewe. Mimi nafuta mbele ya mwenyewe. Si kila kaunta inafanya hivyo.

Njia ya kwanza: daktari wako amuulize mwenzake wa nje

*Mlango.* Ni wa daktari peke yake. Swinfen Charitable Trust, shirika la hisani la Uingereza lililoanza 1998, huwaunganisha wahudumu wa hospitali zenye uhaba wa mabingwa na mabingwa wanaojitolea sehemu mbalimbali duniani. Anayejisajili ni mhudumu wa afya. Mgonjwa hawezi kuingia mwenyewe. Mbali na mashirika ya namna hiyo kuna urafiki wa kitaaluma. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 1966, na urafiki huo umefika hadi hospitalini. Chuo kikuu cha afya cha CUHAS kilichopo Bugando kina historia ndefu na Weill Cornell, chuo cha udaktari cha New York. Jina la Weill limo hata kwenye shule yao ya udaktari. Sisemi kwamba huko kuna dirisha la wagonjwa. Nasema daktari wako huenda ana mtu wa kumwandikia baruapepe, na hatamwandikia usipouliza.

Watu wanaogopa kuuliza, wanaona ni kama kumtukana daktari. Inategemea unavyosema. Mama mmoja alikuwa amejiandaa vizuri, alinisomea kabla hajapanda kilima: "Shikamoo daktari. Tunakushukuru kwa ulipotufikisha. Kuna mwenzako yeyote, hapa au nje, ambaye ungependa aione kesi hii? Na je, inaweza kuingizwa kwenye kikao cha mabingwa?" Alirudi akitabasamu. Kikao kilikuwa Alhamisi.

*Faili.* Hospitali inalo tayari. Wewe kazi yako ni ndogo.

*Fedha.* Mara nyingi hakuna ada ya maoni yenyewe. Utalipia vipimo vya ziada vikitakiwa.

*Muda.* Bingwa wa kujitolea anaweza kujibu ndani ya siku moja mbili. Kinachochelewesha ni huku kwetu: daktari ana foleni ya watu sitini, na kuandika kesi yako vizuri kunamlazimu akae baada ya kazi. Kumbusha kwa adabu, mara moja kwa wiki.

*Lugha.* Si mzigo wako. Daktari na daktari wanaelewana.

*Jibu likirudi.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine. Aliyeuliza ndiye anayekutibu, anajua dawa gani ipo duka la hospitali na ipi haipo, na jibu linaingia moja kwa moja kwenye matibabu. Udhaifu wake ni kwamba wewe unaweza usilione kabisa, usijue hata kama swali lilikwenda. Na kama shida yako ni kwamba humwamini daktari huyo, njia hii haikusaidii. Yeye ndiye anayechagua maneno ya kesi.

*Inamfaa* mgonjwa aliye wodini, mwenye ugonjwa usioeleweka, asiye na fedha, na anayeelewana na daktari wake.

Njia ya pili: hospitali za India

*Mlango.* Uko wazi mchana na usiku. Hospitali kubwa za Chennai, Delhi, Mumbai zina dawati la wagonjwa wa kimataifa, na mgonjwa anaandika mwenyewe. Au anapitia kwa wakala, ambaye mara nyingi ni Mtanzania mwenzetu mwenye namba ya WhatsApp na picha ya hospitali kwenye wasifu wake.

*Faili.* Wanapokea chochote, na hapo pana mtego. Wanapokea hata eksirei yenye nondo. Anayepokea kwanza si daktari, ni karani, na kazi ya karani ni kukujibu haraka. Tuma mafaili kamili hata kama hujaombwa.

*Fedha.* Maoni ya maandishi aghalabu ni bure, na mazungumzo ya video na bingwa hugharimu makumi ya dola. Ya bure yanalipiwa na matumaini kwamba utapanda ndege. Wakala naye hulipwa kamisheni na hospitali utakayokwenda. Huo si wizi, ni biashara, na duka langu nalo ni biashara. Lakini ujue kwamba mizani ina kidole juu yake.

Sasa baba mdogo. Ni mvuvi wa Igombe, mgongo ulimshika, maumivu yakashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Akapiga MRI. Nilituma mimi mwenyewe kupitia wakala mmoja, na kesho yake asubuhi jibu likawa limefika. Maoni yalikuwa mistari mitatu: diski imevimba, inagusa mshipa wa fahamu, upasuaji unashauriwa. Makadirio yalikuwa kurasa mbili: upasuaji, chumba, siku za hoteli, mtu wa kumsindikiza, kupokewa uwanja wa ndege. Kurasa mbili dhidi ya mistari mitatu, nami sikushtuka. Ukoo ukakaa. Ikakubaliwa injini ya boti iuzwe.

Aliyezuia ni shangazi, ambaye hakubali kitu kiuzwe kabla hajakiona mwenyewe. Akamburuza baba mdogo kwa bingwa wa mifupa hapahapa mjini. Bingwa hakuanza na MRI. Alimlaza, akamwinua mguu ulionyooka, akamgonga goti kwa kile kinyundo cha mpira, akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akamuuliza kama mkojo unamtoka bila kujua. Halafu ndipo akaangalia picha. Akasema diski kweli imevimba, lakini nguvu za miguu zipo, na wengi wa namna hii hupata nafuu bila kisu. Aende fiziotherapia, na mguu ukilegea au mkojo ukigoma arudi siku hiyohiyo. Ilichukua miezi minne na manung'uniko mengi. Leo anavuta nyavu, ingawa kunyanyua nanga kamwachia kijana. Injini ipo.

Sisemi aliyejibu kutoka India alikosea. Alipewa picha, akajibu picha. Hakuna aliyempa goti la kugonga.

Upande wa pili wa shilingi: kuna mtoto ambaye wazazi wake walitaka tu kujua kama tundu la moyo wake lingeweza kuzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja badala ya kufungua kifua. Walituma video za eko, siyo karatasi, wakalipia mazungumzo ya video. Bingwa aliwaonyesha kwenye skrini kingo za tundu, akawaeleza kwa nini kifaa kisingeshika. Walikwenda Dar es Salaam wakijua cha kuuliza. Hawakulipa tiketi ya ndege kwenda India, na yule bingwa aliwaeleza vilevile.

*Muda.* Siku moja hadi tatu. Wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu.

*Lugha.* Kiingereza, na hapa watu wanaumia kimyakimya. Mjukuu alikuwa anamtafsiria bibi yake mbele yangu. Bibi akasema mwili unawaka moto. Mjukuu akatafsiri homa. Maswali yote yaliyofuata yakawa ya malaria, na bibi akawa anashangaa. Alichomaanisha ni nyayo zinazochoma usiku, na bibi ana kisukari miaka kumi na mitano. Mtafsiri awe mtu mzima aliyekaa na mgonjwa, siyo aliyefaulu Kiingereza shuleni.

*Jibu likirudi.* Mara nyingi limeandikwa kana kwamba utatibiwa kwao. Waulize wazi: kama mgonjwa hawezi kusafiri, afanyiwe nini Mwanza? Wanaojibu swali hilo vizuri ndio wa kuaminika. Omba pia jina la daktari na namba yake ya usajili. Mwongozo wa India wa tiba mtandao wa Machi 2020 unawataka madaktari waonyeshe namba hiyo, ingawa uliandikwa kwa ajili ya wagonjwa walio ndani ya India na hauvuki mpaka kuja kukulinda wewe.

*Inamfaa* anayefikiria kweli kusafiri na ana uwezo huo. Viza yao ya matibabu huombwa mtandaoni na inaruhusu wasindikizaji hadi wawili. Inamfaa pia mwenye swali la kiufundi juu ya upasuaji fulani. Haimfai anayetaka mtu asiye na maslahi.

Njia ya tatu: Nairobi

Hii watu wanaidharau kwa sababu haina ndege kubwa.

*Mlango.* Mgonjwa anaweza kuomba miadi mwenyewe. Hospitali kama Aga Khan ya chuo kikuu zina mabingwa wa fani nyingi. *Faili* ni lilelile, CD na ripoti, na kitu ambacho njia nyingine hazina: vioo vya maabara vinaweza kusafiri kwa basi na ndugu yako, kupitia Sirari, kwenye kiboksi kigumu. *Fedha.* Unalipia miadi kama mgonjwa wa kawaida wa hospitali binafsi. Siyo bure, wala si bei ya Marekani. *Muda.* Saa yao ni yetu. Miadi ya siku chache.

*Lugha.* Kiswahili! Chao kina Kiingereza kingi ndani, lakini bibi akisema miguu inamchoma, daktari anasikia miguu inamchoma. Zaidi ya hapo wanalijua ziwa, maana upande wao wa Kisumu wana samaki walewale na kichocho kilekile. *Jibu likirudi*, majina ya dawa na miongozo yanafanana na yetu kuliko ya India au Marekani, na daktari wa hapa akitaka kupiga simu, anapiga.

*Inamfaa* mwenye ugonjwa wa kudumu atakayehitaji kuonwa tena na tena, na yule ambaye akiambiwa "njoo tukuone" anaweza kwenda bila viza. Haimfai sana mwenye ugonjwa wa nadra wa aina inayoonwa mara chache hata na wao.

Njia ya nne: huduma za kulipia za Marekani

*Mlango.* Hospitali kubwa kama Cleveland Clinic zina programu rasmi za maoni ya pili mtandaoni. Unajaza fomu ndefu, unatuma kumbukumbu zote, wanazipanga, bingwa anazisoma. Soma masharti kwanza, kwa sababu orodha ya nchi na magonjwa wanayopokea hubadilika. Yule mpwa wa Marekani ni kitu kingine kabisa. Rafiki yake akiangalia picha kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, hayo ni maongezi.

*Faili.* Hapa hakuna mchezo. Faili lisilokamilika linarudishwa. Kwa saratani wanaweza kutaka vioo vyenyewe wavisome upya. Naona huu ndio ubora wao mkubwa: wanakulazimisha uwe na faili ambalo ungepaswa kuwa nalo tangu mwanzo.

*Fedha.* Kutoka mamia kadhaa ya dola hadi zaidi ya elfu moja, kwa kadi ya benki, kabla ya jibu. Bima ya hapa usiiweke kwenye hesabu. Ila unajua unacholipia: hawatarajii upande ndege, hivyo wakisema usifanyiwe upasuaji hawapotezi kitu.

*Muda.* Wiki moja hadi mbili baada ya faili kutimia, na kutimia kwenyewe kunaweza kuchukua mwezi. Kama kuna mazungumzo ya video, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu majira yao ya joto, na saa kumi na moja wakati wa baridi yao.

*Lugha.* Kiingereza cha kitabibu, kurasa nyingi.

*Jibu likirudi.* Hutolewa kama ushauri kwako na kwa daktari wako, si kama matibabu. Hawaandiki cheti cha dawa. Na ushauri unaweza kutaja dawa au mashine isiyopatikana kanda nzima. Mtu akishalipa mamilioni na kuambiwa dawa bora ni ile asiyoweza kuinunua, anarudi nyumbani akiwa na ugonjwa uleule na uchungu mpya. Kwenye fomu yao kuna nafasi ya maswali. Andika humo vifaa na dawa zilizopo kwenye hospitali yako.

*Inamfaa* mwenye uamuzi mmoja mkubwa usio wa haraka, hasa saratani ya nadra au majibu ya maabara yanayogongana, na mwenye fedha ambazo zikitumika hazitagusa zile za matibabu yenyewe.

Kwa hali yako

Kama hujui hata jina la ugonjwa, na vipimo bado vinaendelea, anza na daktari wako na kikao cha mabingwa. Maoni ya nje juu ya vipimo nusu ni nusu ya maoni.

Kama umeambiwa saratani na unaogopa kuanza kemotherapia kabla hujawa na hakika, hakikisha kwanza kinyama kimesomwa na wataalamu wawili tofauti. Nairobi kwa bajeti ya kati, Marekani kama uwezo upo na ugonjwa ni wa nadra. Muulize daktari wako kwa siku ngapi inawezekana kusubiri, maana saratani nyingine, kama ile ya Burkitt inayowapata watoto wa ukanda huu, inakua kwa siku na si kwa miezi. Huyo mtoto aanze matibabu, maoni yatamkuta wodini.

Kama umeambiwa upasuaji wa mgongo, goti au nyonga na bado unatembea, usitume popote kabla bingwa wa hapa hajakulaza kitandani na kukugonga kinyundo. Majibu yake yaandikwe, yaskaniwe na kutumwa pamoja na picha.

Kama ukoo umeshakubaliana kwamba mgonjwa atakwenda India, basi maoni ya India ni sahihi kwenu, ila chukueni kutoka hospitali mbili zisizo na wakala mmoja, na mlinganishe mistari ya maoni kabla hamjalinganisha kurasa za bei.

Kama humwamini daktari wako, omba kopi ya faili lako kwa utulivu, kisha tafuta bingwa mwingine wa hapa wa kulipokea jibu kabla hujatuma nje. Ukikosa wa kulipokea, hifadhi fedha yako.

Na kama mgonjwa anatapika damu, amelegea upande mmoja ghafla, au mkojo umegoma na miguu haina nguvu, hapo hapana maoni ya pili. Wiki iliyopita kijana aliingia mbio na bahasha, akaniambia niskani haraka, baba yake yuko kwenye bajaji nje, mdomo umepinda tangu alfajiri. Nilimwonyesha barabara ya kupanda kilimani kwenda dharura. Bahasha ilibaki kaunta hadi jioni, akaifuata mdogo wake.